Rangi ya kuvu si urembo, msiwavunje moyo wanaotafuta jeni zake

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu ndugu mmoja aliyeandika wiki jana akiteta ati kuna wanafunzi wa chuo kikuu wanakaa miaka mitatu minne wakichunguza rangi ya ukungu, yaani kuvu, huku mkulima hana mbolea, na kwamba hizo pesa afadhali zingenunua mbegu zikagawiwa watu. Niliisoma hiyo barua kwa matatu nikitoka Kangemi, nikairudia pale Westlands tukiwa tumekwama kwa jam, na nilipofika kazini bado ilikuwa imenikaa rohoni. Manake mimi ndo naosha sahani za maabara ambamo huo ukungu huoteshwa. Simkasirikii huyo ndugu, uchungu wa mbolea naujua, kwetu pia ni shamba. Lakini hapo kwa rangi amekosea, na kosa lenyewe linawarudia walewale wakulima anaowatetea.

Nijitambulishe kidogo. Mimi ni fundi wa maabara, si daktari wala profesa. Napika aga, ile jeli ya kuoteshea kuvu, nachemsha vyombo kwa presha, nabandika lebo, naandika kwa kitabu, stima ikipotea nakimbia kuwasha jenereta kabla vitu vya friji havijaharibika. Miaka 11 sasa. Kwa hiyo miaka nimepitia kuvu za mahindi, za mpunga, za maharagwe, za kahawa, na kitu ambacho mtu wa nje hawezi kujua mpaka afunguliwe mlango wa kile chumba ni vile zina rangi jamani. Kuna nyekundu kama maji ya bitiruti, kuna ya chungwa, kuna kijani cha parachichi, kuna nyeusi ya masizi ya jiko. Mgeni akiingia husema tu kumbe ukungu unapendeza. Hata mimi siku ya kwanza nilisema hivyo, sikujua naangalia silaha.

Wacha nisimulie kisa kimoja tu, halafu huyo ndugu apime mwenyewe.

Kulikuwa na msichana mwanafunzi, jina lake sitalitaja, alikuwa anashughulika na kuvu ya mpunga, ile inaitwa Magnaporthe oryzae, wakulima wa Mwea wanaijua kama blasti. Alikuwa amezimulika spora zake, zile mbegu ndogondogo za kuvu, kwa taa ya UV kwa muda mfupi, ili zile ambazo hazitakufa zitoke na hitilafu kidogo kwenye DNA, halafu anazimwaga kwenye sahani moja baada ya nyingine, mamia ya sahani, anangoja ziote. Zikaota kijivu. Wiki baada ya wiki kijivu, kama jivu la makaa, mpaka ukiangalia sana macho yanachoka. Jumatatu moja asubuhi nilikuwa napanga sahani za kutupa nikakuta moja ina kakoloni kamoja ka rangi ya kaki katikati ya wenzake, upana wake kama sarafu ya shilingi moja. Nikasema huu ni uchafu tu umeingia, mtu aliacha kifuniko wazi, nikaiweka kwenye ndoo ya vitu vya kuchemshwa. Yeye akaingia hata begi hajashusha mgongoni, akachungulia ile ndoo, akapiga ukelele, "Dada, hiyo usiitupe!" Akaitoa kwa mikono miwili vile mtu hushika kifaranga.

Akaikuza ile ya kaki peke yake. Ikaota vizuri tu, haikuwa dhaifu, haikuwa inaumwa. Akapanda trei mbili za miche ya mpunga, moja akainyunyizia kuvu ya kijivu, nyingine ya kaki, tukazifunika na plastiki usiku kucha unyevu usitoke. Siku ya sita tukafunua. Trei ya kijivu majani yalikuwa yamejaa yale madoa ya blasti, yana umbo la jicho, katikati meupe, ukingoni kahawia. Trei ya kaki ilikuwa kijani tupu, haina hata doa moja. Nikamwambia basi hiyo ya kaki imekufa. Akasema ngoja. Akachukua pini, akakwaruza majani ya mche mwingine, akaweka tone la ile kuvu ya kaki juu ya mkwaruzo. Baada ya siku chache jani likaugua palepale kwenye kidonda.

Hapo ndo nilielewa. Njaa ya kuvu ilikuwepo, uwezo wa kula ulikuwepo, ilichokosa ni nguvu ya kuvunja mlango. Ukiivunjia wewe kwa pini, inaingia inakula. Na kitu pekee tulichoona kimebadilika kwa macho yetu ilikuwa rangi.

Sasa rangi inavunjaje mlango, hiyo nayo nilieleweshwa polepole mpaka ikaingia. Spora ya blasti ikitua kwa jani usiku, umande ukiwepo, inatoa kamkia, na kale kamkia kanavimba mwishoni kanakuwa kibofu kidogo sana, ukipanga kama 100 hivi ndo vinafika milimita moja. Hicho kibofu kinajipaka melanini upande wa ndani wa ukuta wake. Melanini ni jina tunalolijua, hata ngozi na nywele zetu zina yake, ingawa ya kuvu inapikwa kwa njia tofauti. Hiyo rangi inaziba vitundu vya ukuta. Halafu ndani kuvu inatengeneza glisarini kwa wingi, ndiyo hiihii ya dukani tunayojipaka mwezi wa saba baridi ikichapa. Glisarini inavuta maji, maji yanaingia kwa nguvu, glisarini yenyewe haiwezi kutoka kwa sababu ya ile rangi, presha inapanda inapanda, mpaka megapaskali 8. Najua hiyo namba haimwambii mtu kitu. Ukiingia stesheni ya petroli yule kijana wa upepo anakuuliza tairi aweke 30, anamaanisha psi 30. Kibofu cha blasti kinafika kama psi 1,160, karibu mara 40 ya tairi ya gari yako. Kwa hiyo presha kuvu inasukuma kijiti chembamba chini, kinatoboa jani, imeingia. Ondoa melanini, glisarini inavuja, kibofu kinabaki kama tairi ya pancha.

Mjomba wangu ana ekari moja na nusu ya pishori huko Mwea. Pishori yetu, ile mbegu ya Basmati 370, harufu yake inajulikana mpaka mtaa wa pili ikipikwa, lakini kwa blasti haina kinga ya maana. Msimu mmoja alinipigia simu alfajiri akaniambia, "Mpwa wangu, mpunga umekuwa mweupe mapema, nilidhani unaiva." Nilienda Jumamosi yake. Tulisimama kwenye kijaruba maji yakiwa yametufika kwa vifundo, akavuta suke moja, chini ya suke pale shingoni palikuwa pameoza kahawia iliyokolea, na lile suke lenyewe limesimama wima kwa sababu halina uzito. Suke lililojaa huinama. Akafinya punje kwa kucha, makapi. Akafinya nyingine, makapi. Hakusema kitu, alilivunja lile suke akaliweka mfukoni kwa shati, nikalibeba mimi kwenye bahasha mpaka Nairobi, na kuvu iliyotoka humo ndo mojawapo ya zile huyo msichana alianza nazo. Kwa hivyo mtu akiniambia rangi ya ukungu haina uhusiano na mkulima mimi naliona lile suke.

Turudi kwa jeni, manake hapo ndo barua ya huyo ndugu iliteleza kabisa. Aliuliza mtu anasoma rangi miaka minne, anatafuta nini? Anatafuta jeni gani, yaani kipande gani cha maelekezo kwenye DNA, ndo inapika rangi. Kuvu ya blasti ilisomwa DNA yake yote na kuchapishwa mwaka wa 2005, ikaonekana ina jeni kama 11,000. Nyingi hazina maelezo ya maana, huwezi kujua kwa kuangalia herufi peke yake ni ipi inafanya nini. Unaanzia wapi? Unaanzia kwa kitu unachoweza kuona kwa jicho bila mashine ya mamilioni, na rangi ndo hicho kitu. Mwaka wa 1990 huko Marekani Forrest Chumley na Barbara Valent walichapisha kazi yao kuhusu kuvu za blasti zilizopoteza rangi. Walikuwa na za aina tatu, nyeupe, za waridi na za kaki, wakazioanisha na nyingine za kawaida wakahesabu watoto, wakapata kila rangi inatokana na jeni moja iliyoharibika. Jeni ya nyeupe wakaiita ALB1, ya waridi RSY1, ya kaki BUF1. Zote tatu zilikuwa haziwezi kuingia kwa jani zima.

Kwa nini rangi tatu na melanini ni moja? Hili swali nilimuuliza yule msichana nikiwa nasugua sinki, na jibu lake sijalisahau. Aliniambia fikiria mtu anapika chakula cha hatua nyingi. Jeni ya kwanza inaandika kimeng'enya, yaani protini inayofanya hatua moja ya mapishi, cha kuunganisha vipande vidogo vidogo, bila hicho sufuria iko tupu, sahani inakuwa nyeupe. Jeni nyingine inaandika kimeng'enya cha kutoa maji kwenye kile kilichopikwa, hiyo ikiharibika mapishi yanakwama, sahani ya waridi. Inayofuata ikiharibika yanakwama mbele zaidi, kaki. Rangi unayoiona ni kile kilichobaki kwa sufuria mpishi aliposimama. Kwa hivyo ukiwa na jicho zuri, rangi ya sahani inakuambia kabisa jiko limekatikia wapi.

Na hapo bado hajathibitisha chochote, hii ndo sehemu inakula miaka. Ilibidi asome BUF1 ya ile ya kaki herufi kwa herufi, akaona mahali imebadilika. Lakini ile UV ilikuwa imepiga DNA yote, pengine ilibadilisha vitu vingine kumi, utajuaje ni hiyo? Unachukua BUF1 nzima kutoka kwa kuvu ya kijivu, unaiingiza kwa ile ya kaki, unangoja. Ikirudi kijivu, na ikiweza tena kutoboa jani lisilo na kidonda, hapo sasa unaweza kusema ni hii. Alijaribu ikakataa. Stima ilipotea wikendi moja jenereta ikagoma, tukapoteza kazi ya miezi miwili. Akarudia. Siku ya kijivu kurudi alinipigia saa moja asubuhi nikiwa bado nyumbani, alikuwa analia na kucheka. Miaka minne ndo huishia hivyo, kwa koloni moja ya kijivu kama zile zote za kwanza.

Sasa ile ya faida, kwa sababu najua ndo swali la watu wengi. Kuna dawa ya mpunga inaitwa traisaiklazoli, imetumika Asia tangu miaka ya 1970. Watu wanadhani dawa ya kuvu lazima iue kuvu. Hii haiui. Ukiiweka kwenye aga kwa kipimo kidogo kuvu inaendelea kuota raha mstarehe, ila inabadilika inakuwa kama nyekundu kahawia hivi, kwa sababu dawa imekikamata kile kimeng'enya cha BUF1. Kuvu hai, imenyimwa rangi, haiwezi kuingia kwa jani. Dawa nyingine, kapropamidi, yenyewe inakamata kimeng'enya cha RSY1. Wajapani waliitumia sana, na mwaka wa 2001 wakakuta mashamba ambayo dawa imegoma. Kwa sababu jeni ilikuwa inajulikana, walienda moja kwa moja wakaangalia palepale, wakakuta kiungo kimoja kwenye mnyororo wa viungo (asidi amino) unaounda kile kimeng'enya, cha 75, kimebadilika, kile kinachoitwa valini kimekuwa methionini. Kiungo kimoja! Wangekuwa hawajui jeni wangebaki wanalaumu mkulima ati hakuchanganya dawa vizuri. Mjomba wangu ameambiwa hayo maneno mara ngapi dukani, ati hukufuata maelezo, nunua chupa nyingine. Mimi natamani siku ambayo mkulima wa Mwea ataleta jani moja, DNA itolewe, aambiwe siku chache baadaye kama kuvu ya shamba lake bado inasikia dawa au ishazoea, kabla hajatoa hata shilingi. Hicho kipimo hakiwezekani kama hakuna mtu aliyekaa na jeni ya rangi.

Na si kwamba tutegemee dawa tu, mwaka wa 2017 Umoja wa Ulaya ulishusha kiwango cha traisaiklazoli kinachoruhusiwa kwenye mchele mpaka miligramu 0.01 kwa kilo, wauzaji wa basmati wakashtuka sana. Ndo maana pia watu wanatafuta hatua nyingine za hilo jiko ambazo zinaweza kuzibwa kwa njia salama zaidi. Huwezi kuziba hatua usiyoijua.

Hiyo mbinu ya kibofu cheusi blasti haiko peke yake nayo. Kuvu inayoozesha buni ikiwa bado mtini, Colletotrichum kahawae, ugonjwa ambao wenzetu Tanzania wanauita chulebuni na ambao uliandikwa mara ya kwanza duniani hapahapa Kenya mwaka wa 1922, nayo ina kibofu chake cha melanini. Wimbi nalo, lile la uji wa watoto, linaumwa na blasti huko magharibi. Zambia wakapata blasti ya ngano msimu wa 2017 na 2018, mara ya kwanza kwa Afrika. Hii kitu inatembea.

Kwa mahindi hadithi inageuka, na naomba mnivumilie hapa kwa sababu mimi inanigusa sana. Mmeona yale madoa marefu ya kijivu kwenye jani la mahindi, yamebanwa kati ya mishipa kama yamepimwa kwa rula? Hayo huletwa na kuvu ya ukoo wa Cercospora, na wengi wa ukoo huo hutengeneza rangi nyekundu inaitwa serkosporini, ilitolewa mara ya kwanza Japani mwaka wa 1957 kutoka kwa kuvu ya soya. Gizani haina noma. Jua likiipiga, inachukua oksijeni ya kawaida inaigeuza kuwa oksijeni kali inayochoma ngozi ya seli za jani, na seli ikipasuka kuvu inakula kilichomwagika. Yaani inatumia jua lilelile mmea unalotegemea. Mwaka wa 2005 watafiti wa kuvu ya tumbaku waliharibu jeni moja, CTB1, rangi nyekundu ikatoweka na madoa kwa jani yakapungua. Jeni zingine za kazi hiyo zikapatikana ziko jirani, zimepangana kama vibanda vya soko.

Lakini ile inayosumbua mahindi yetu Afrika ni Cercospora zeina, na hiyo kwa sahani haitoi nyekundu. Watu walishangaa miaka. Chuo Kikuu cha Pretoria na wenzao wakachapisha jibu mwaka wa 2017, jeni moja ya hicho kikundi, CTB7, imevunjika kwa hii yetu. Wakachukua CTB7 nzima kutoka kwa binamu yake wa Marekani, Cercospora zeae-maydis, wakaiweka, ikawa nyekundu. Na bado hata bila hiyo nyekundu ya kwa sahani inaangamiza mahindi. Mimi nikisoma hivyo naona kitu kimoja, kwamba ugonjwa tunaouita jina moja na Wamarekani mara nyingi hausababishwi na kuvu ileile, na mtu asituletee suluhisho la kule akadhani litafanya kazi Kakamega au Murang'a bila kupimwa kwanza huku. Nani angejua hilo kama hakuna mtu aliyejali sahani imekataa kuwa nyekundu?

Sitaki nidanganye pia. Si kila rangi ni silaha. Kuna kuvu ya ngano, Fusarium graminearum, ina nyekundu kali sana, ukiona sahani yake unasema hii lazima ni sumu. Watafiti waliiharibu jeni yake ya rangi, PKS12, ikawa nyeupe, na ikaendelea kuiuguza ngano vilevile kama hakuna kilichotokea. Kwa hivyo ile ya kusema rangi ni kitu gani, tunajua tayari, hapana, kila moja lazima iulizwe peke yake na ijibiwe peke yake.

Na kama bado mtu anasema ni anasa, nikumbushe mwaka wa 2004, mahindi ya Makueni na Kitui na kwingine huko mashariki. Watu 317 waliugua, 125 wakafa, kwa aflatoksini, sumu inayopikwa na ukoo mmoja wa kuvu. Hiyo sumu huioni kwa macho kwenye unga. Sasa wanasayansi walijuaje kuvu inaipika vipi? Walipata kuvu za ukoo huo ambazo mapishi yalikuwa yamekwama karibu na mwanzo, na kitu kinachorundikana pale kikikwama kina rangi ya chungwa. Waliona chungwa kwa sahani. Kwa kufuata hiyo chungwa, mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaikamata jeni inayohusika, nor-1, halafu jeni za jirani yake moja baada ya nyingine mpaka jiko lote likajulikana. Leo kuna kuvu za asili za hapa kwetu, zisizoweza kupika hiyo sumu, ambazo zinamwagwa shambani zichukue nafasi ya zile mbaya, na kujua kwamba haziwezi kuipika kabisa kunategemea kuzijua hizo jeni. Mimi mamangu alizaliwa Makueni. Mwaka huo tulizika jirani zetu wawili kwa wiki moja.

Nirudi kwa yule msichana. Alimaliza digrii yake ya pili akaomba pesa aendelee, alitaka kuzipitia kuvu za blasti za Mwea zote tulizokusanya aone jeni za rangi zimebadilika vipi kutoka kijaruba kimoja hadi kingine, na kama kuna dawa zishaanza kuzoewa. Alienda mbele ya kamati moja, sitaitaja. Akaulizwa rangi itauzwa wapi. Alieleza vizuri, najua kwa sababu alifanya mazoezi mbele yangu mara tatu, lakini walikuwa wameshafunga kitabu. Sasa anafundisha kemia shule ya upili, watoto wanampenda, anafanya kazi nzuri. Ila hiyo kazi ya blasti ilisimama siku ile. Ndo maana barua ya wiki jana iliniuma, Mhariri, kwa sababu maneno yake yalikuwa karibu yaleyale ya kamati, na wanaoamua pesa za utafiti nao husoma magazeti.

Ombi langu kwako ni hili. Mtume mwandishi maabara mojawapo ya hapa Nairobi, mtu wa Kiswahili, akae siku mbili tatu, aandike vile inavyofanyika, aende na Mwea pia aongee na wakulima. Gazeti la Kiswahili ndo mjomba wangu husoma. Na mkichapisha picha ya sahani tafadhali msiiweke ukurasa wa rangi nyeusi na nyeupe, haitaonyesha kitu.

Zile kuvu zake bado ninazo. Tulizikuza juu ya vipande vya karatasi ya kuchujia, tukavikausha, viko kwenye bahasha ndogo ndani ya kisanduku kwenye friji ya nyuzi 20 chini ya sifuri, zimeandikwa mwandiko wake, pamoja na ile ya suke la mjomba na ile ya kaki niliyokaribia kuitupa. Mwezi uliopita nilichukua kipande kimoja nikakiweka kwa aga kuona kama bado kiko hai. Siku ya nne ikaanza kuota, kaki vilevile. Mwanafunzi yeyote anayetaka kuendelea nazo anaweza kuanza hata wiki ijayo, aga nitampikia mimi.

Wako,
Fundi wa maabara,
Kangemi, Nairobi